Sindano ya Wa Kumi

Chupa moja ya chanjo ya homa ya manjano ina dozi kumi. Ikishachanganywa ina saa sita za kuishi, baada ya hapo ni ya kumwagwa. Ndiyo maana katika chumba namba nne cha kliniki ya wasafiri chupa haikufunguliwa mpaka majina kumi yawe yameandikwa daftarini, na watu tisa wenye pasi mifukoni waliweza kukaa benchi moja asubuhi nzima wakimngojea mtu wasiyemjua aje awe wa kumi.

Mara nyingi hakuja. Ikifika saa sita mchana, karani wa chumba, ambaye kila mtu alimwita Mzee Daftari ingawa hakuwa mzee wala nini, aliandika jina la muuguzi kwenye mstari wa kumi ili kazi iendelee. Mtindo ulikuwa huo miaka kumi na tisa. Muuguzi akabatizwa Wa Kumi, na jina hilo likamkaa kuliko lile alilopewa na baba yake.

Usidhani dozi yake ilipotea bure. Aliiweka kwenye sanduku la barafu akasubiri. Kila siku ya chanjo kuna mtu anayekuja akihema, shati limelowa, makaratasi yanamdondoka: nimechelewa, nesi, nisaidie. Wa Kumi alimpa. Jina la mchelewaji liliingia mstari wa kumi na moja, na makao makuu hawakuuliza kitu, kwa sababu ilishajulikana kwamba mkono wake ni mwepesi, unaweza kuvuta dozi kumi na moja kwenye chupa ya kumi. Sifa hiyo haikuwa ya kweli, lakini nani anakataa sifa?

Jumatatu hii Wa Kumi alikuwa amechoka uchovu ule usioisha kwa kulala. Likizo ya mwisho aliichukua kumzika mama yake, na hiyo si likizo. Sasa fomu ilikuwa imesainiwa, wiki mbili nzima, na Jumamosi angepanda ndege na dada yake kwenda nchi ya watu kuona maporomoko ya maji. Walikuwa wanakwenda na kundi, tarehe imefungwa, hakuna kusogeza. Dada yake alikuwa mpishi wa shule mpaka magoti yalipogoma, na picha ya maporomoko hayo, aliyoikata kwenye kalenda, ilikuwa imebandikwa juu ya jiko lake miaka mingi mpaka ikageuka rangi ya chai. Kuyafikia kuna ngazi mia tatu.

"Magoti haya yamebakiza mwaka mmoja," dada alikuwa akisema. "Mwakani itabidi unibebe mgongoni, na mgongo wenyewe huna."

Dada alichanjwa wiki tatu zilizopita, na Wa Kumi mwenyewe ndiye aliyemdunga. Ya kwake je? Alijua amechanjwa, kama mpishi anayeonja tangu alfajiri anavyojua ameshakula. Kilichobaki ni kujaza kadi ya manjano, na kujaza kadi ni kazi ya dakika moja. Kazi ya dakika moja ndiyo inayoahirishwa mpaka wiki ya safari.

Asubuhi hiyo mtu wa kwanza kuingia alikuwa bwana mmoja mwenye kofia. Alikuwa anasafiri Jumapili.

"Kadi inaanza kutumika siku kumi baada ya sindano," Wa Kumi akamwambia. "Umechelewa, kaka."

"Rudisha tarehe nyuma siku tano tu. Mhuri si uko hapo mezani?"

"Tarehe si pazia, haivutwi."

Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba halikumgharimu hata pumzi. Yule bwana akaguna, akaenda kukaa benchini akaandikwe hata hivyo, maana safari za kazi haziishi. Mpaka saa nne walikuwa tisa. Mtu wa kumi, kama kawaida, hakuonekana.

Basi walipokuwa wakisubiri, Wa Kumi akachukua kadi mpya, akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa, akafika kwenye tarehe ya chanjo. Kalamu ikasimama.

"Mzee Daftari, mimi nilichanjwa lini?"

Karani akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe? Wewe ndiye mtu aliyechanjwa kuliko wote duniani. Chagua siku uipendayo." Akamshushia madaftari ya zamani kutoka juu ya kabati, vumbi na yote.

Akaanza kufunua. Jina lake lilikuwemo kweli, limo kila mahali, limekaa mstari wa kumi kama mwenye nyumba. Lakini chini yake kila mara palikuwa na mstari wa kumi na moja, na kila aliposoma jina la pale alimkumbuka mtu. Huyu alikuwa mwanamuziki mwenye gitaa lisilo na mfuko. Huyu alikuwa anakwenda kusoma, akalia kwa kuogopa sindano. Hawa walikuwa maharusi, bwana alishachanjwa, bibi alisahau. Madaftari matatu, manne. Mkono wa Wa Kumi ukaanza kuwa mzito.

Katika daftari la tano akapata ukurasa ambao jina lake lilikuwa la mwisho. Chini yake peupe. Akaisogeza kalamu kwenye kadi. Kisha akaitazama tarehe. Siku ile dozi ilikuwa tayari kwenye sindano, mkono wa gauni ameshaukunja, simu ikalia, dada akasema mama ameanguka. Sindano iliachwa kwenye trei. Walioikuta jioni waliitupa.

Miaka kumi na tisa, na hakuna hata tone lililokuwa lake. Akakaa akiyaangalia madaftari, na akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Kinyozi hajinyoi," Mzee Daftari akasema, safari hii bila kucheka. Akasogeza kiti. "Sikiliza, Wa Kumi. Nakili tarehe hiyo ya mwisho. Si uongo wa kwako, daftari ndilo linalosema. Hata wakija kukagua, hili hapa."

Bwana mwenye kofia alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale. Alikuwa ameivua kofia na kuiweka magotini, anasubiri kuona.

Wa Kumi akatoka kwenda ukumbini akampigia dada yake, akamweleza yote. Upande wa pili ulisikika mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

"Jina lako limo?" dada akauliza.

"Limo."

"Basi andika, mdogo wangu. Nani atajua?"

"Na nikiugua huko?"

"Siku kumi na nne tu." Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Utajipaka dawa ya mbu."

Wa Kumi alitaka kwenda. Hakuwahi kutaka kitu hivyo tangu utotoni: kukaa mahali asipoitwa nesi, kumshika dada yake mkono na kupanda ngazi polepole wakisimama kila baada ya kumi. Akasema atapiga tena.

Saa sita ilipofika, Mzee Daftari aliandika jina lake kwenye mstari wa kumi, kwa mazoea, akamtazama juu ya miwani. Wa Kumi akachanganya chupa. Akawadunga tisa, mmoja mmoja, bwana wa kofia akiwa wa mwisho, na kwenye kadi ya kila mmoja akaandika tarehe ya leo. Ikabaki dozi moja. Akaivuta kwenye sindano.

Hapo mlango ukasukumwa. Mwanamke amebeba bahasha, anahema, kiatu kimoja kimelegea.

"Nimechelewa, nesi. Nisaidie."

Chumba kizima kikaigeukia ile sindano. Wa Kumi akajua kabisa ingekuwaje: angempa, mama wa watu angeshukuru, mstari wa kumi na moja ungejazwa, na yeye angenakili tarehe yake kutoka kwenye daftari la tano akaenda zake. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka.

"Unasafiri lini?" akauliza.

"Mwisho wa mwezi ujao."

Wa Kumi akasimama na sindano yake hewani. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwauliza wachelewaji swali hilo.

"Basi una muda," akasema. "Njoo Alhamisi. Tutafungua nyingine."

Mwanamke akanung'unika kwamba ametoka mbali, akaondoka akivuta kiatu. Wa Kumi akakunja mkono wa gauni la kazi, akamwambia Mzee Daftari amshikie kitambaa kisishuke, akajidunga mwenyewe mkono wa kushoto. Kisha akaivuta kadi na kuandika tarehe ya leo, polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, akagonga mhuri.

Sheria ya chumba ni kwamba aliyechanjwa anakaa nusu saa aangaliwe. Akaenda kukaa benchini. Bwana wa kofia akasogea kumpa nafasi.

"Na wewe ulikuwa unasafiri lini?" akamuuliza.

"Jumamosi."

Yule bwana akatikisa kichwa, akavaa kofia yake.

Wa Kumi akampigia dada yake, akamwambia.

"Watu wote hao uliwapa," dada akasema. "Wote. Yetu sisi ndiyo ikakosekana."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Nani atanishika mkono kwenye ngazi?"

Wa Kumi alisikia dada akipumua, akasikia kiti kikiburutwa na dada akijishusha kwa taratibu, kama wanavyokaa watu wenye magoti.

"Nitakwenda," dada akasema. "Nitapanda kidogo kidogo, nikichoka nitakaa palepale nikayasikilize maporomoko." Kisha akauliza, "Na mkono? Unauma?"

Wa Kumi alikuwa amewauliza watu swali hilo miaka kumi na tisa. Akajifuta macho kwa ile pamba aliyokuwa ameishika.

"Unauma," akasema.