Shule ya Kuchambua Kahawa

Mkutano wa kuamua kama Madamu Proskovia Nasuuna alikuwa mwalimu au mvunja sheria ulifanyika ndani ya ghala la kahawa la Ssalongo Kiyaga, kwa sababu siku hiyo mvua haikuwa na huruma na kanisa lilikuwa bado limepigwa kufuli. Watu wa Kyalumbwa walibanana juu ya magunia, barakoa zikiwa zimening'inia kidevuni, wakasubiri kuelezwa hatari ya kubanana. Hakuna aliyecheka. Kijiji kilikuwa kimeshazoea mambo ya aina hiyo.

Kosa lenyewe lilijulikana. Shule zilikuwa zimefungwa, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena, na Proskovia akaona hawezi kukaa akingoja redio imfundishie watoto. Akawakusanya wachache wa darasa la sita katika jiko lake la nje, akaziba dirisha kwa gunia, akawa anafundisha kwa sauti ya chini. Sasa, sauti ya chini ya Proskovia husikika mpaka barabarani. Mtu akasikia, mtu akasema, askari wa mgambo wakaja na fimbo zao. Watoto walitawanyika migombani kama vifaranga walioona mwewe, na Zawedde akaruka ua akiwa ameng'ata kitabu cha hesabu ili mikono ibaki huru.

Huyo Zawedde ndiye aliyemnyima Proskovia usingizi. Alikuwa na miaka kumi na minne, hana baba wala mama, analelewa na bibi yake, Jjajja Nantale, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha mtoto yeyote aliyepita mbele ya ubao wa Proskovia. Mwalimu alishawaona wasichana wa namna hiyo wakitoka shule kwa muda tu, na muda ukawa maisha. Alijiapiza kwamba huyu mmoja atamfikisha kwenye mtihani wa darasa la saba, ugonjwa uwepo au usiwepo.

Mwenyekiti Tebandeke alianza kwa kusoma masharti, akayasoma yote, hata yale ya ndege na mipaka, ambayo hayakumhusu mtu pale. Kisha wakaanza kusema. Mmoja alidai watoto wasiokwenda shule wamemaliza mafenesi ya kijiji kizima na sasa wamehamia kwenye kuku. Mwingine akasema bora kuku kuliko jeneza. Kijana mmoja mwenye watoto watano alilalamika kwamba tangu shule zifungwe watoto wake wanakula kama mchwa na mkewe hamsemeshi, akaulizwa na kina mama ni lini mkewe aliwahi kumsemesha. Hapo watu walicheka kidogo.

Kicheko kilikatika aliposimama Maama Bbosa. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akaletwa maiti kutoka hospitali na watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni. Walimshusha kaburini hata kabla mashimo ya migomba hayajakauka maji ya mvua, wakaondoka bila kumuaga mtu yeyote.

"Mimi sikumwosha mume wangu," alisema. "Sikumvisha nguo ya gome. Mnajua ninyi maana yake, Mganda azikwe bila nguo ya gome, kama mbwa aliyegongwa? Simchukii Madamu. Lakini watoto wake wanatoka jikoni kwake wanakwenda kulala na wazee. Nani atakayeniambia ugonjwa unaogopa hesabu?"

Proskovia alijua mwanamke yule hasemi uongo, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alisimama akajibu kwamba masoko yamefunguliwa, baa zinauza kwa mlango wa nyuma, na juzi tu arusi moja imekula ng'ombe wawili hapo barabara ya juu bila mgambo kuonekana, labda kwa kuwa mgambo nao walikuwa wanakula. Mzee mmoja akamtuliza: ugonjwa utapita, binti yangu, kitabu hakiendi popote, watakikuta.

"Kitabu hakiozi, Ssebo," Proskovia akasema. "Anayeoza ni mtoto."

Yalikuwa maneno mazuri na hayakumsaidia kitu. Mikono ilipoinuliwa, wengi walitaka darasa life. Hata wazazi wa watoto wake waliinua, wengine kwa woga wa kuonekana hawakuinua. Jjajja Nantale hakuinua upande wowote, alijitia anatafuta kitu ndani ya kikapu chake. Ikaamuliwa: watoto wakionekana pamoja na vitabu, mzazi atalala kituo cha polisi.

Ndipo Kiyaga, mwenye ghala, akaomba neno la mwisho. Aliwashukuru kwa busara, akawakumbusha kwamba kahawa imekobolewa, imejaa mawe na buni nyeusi, na asubuhi angehitaji wachambuaji. Watoto ndio wazuri zaidi, alisema, vidole vyao vidogo na macho hayajachoka. Kilimo hakikufungwa. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Proskovia alitazama huku na huku akingoja mtu aseme lolote kuhusu mkusanyiko. Maama Bbosa peke yake ndiye aliyeguna, akachukua mwavuli wake akatoka.

Kesho yake Proskovia alipita pale akaona turubai limetandazwa ukuta hadi ukuta na watoto wa kijiji wameketi juu yake bega kwa bega, wanapekua kahawa. Watoto wake wote walikuwemo. Zawedde alikuwa katikati. Proskovia alisimama mlangoni kwa hasira mpaka hasira ikageuka kuwa wazo, na wazo lilipomjia alikaribia kucheka. Sheria ilikuwa imekataza watoto na vitabu. Haikukataza watoto na mdomo wa mwalimu.

Alikwenda kwa Kiyaga, akapiga magoti kumsalimu kama impasavyo mwanamke, ingawa watoto wa bwana huyo yeye ndiye aliyewafundisha kushika kalamu. Akamwomba awe msimamizi wa wachambuaji. Hakutaka makubwa, ila aachwe azungumze nao wakati mikono inafanya kazi.

Kiyaga hakuwa mjinga. "Utawafundisha."

"Nitawachangamsha, Ssebo. Mtoto aliyechangamka hachoki."

"Na wazazi watawaleta wengi zaidi." Akafikiri kidogo tu. "Haya, Madamu. Wachangamshe."

Ikawa shule ambayo hakuna shule iliyopata kuifikia. Sehemu za namba walijifunza kwa buni: nzima huku, zilizovunjika huku, nyeusi kule, na asilimia ikatoka humo humo. Jedwali la kuzidisha liliimbwa kwa kupokezana, safu kwa safu. Mito, mapafu, nchi jirani, vyote vilipita juu ya turubai lile. Wazazi walioinua mikono kuua darasa sasa walimsalimu Proskovia kwa heshima mpya, kwani mtoto alirudi nyumbani anajua kitu na ameshika kitu, ujira wa siku. Wakaleta na wadogo wa watoto hao, wakaleta na binamu zao kutoka vijiji vya bondeni. Mwenyekiti alipita siku moja, akasikia jedwali la saba likiimbwa ghala zima, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba nyimbo za kazi ni jambo jema katika utamaduni wetu. Akajifunika barakoa, akaenda zake.

Proskovia alilewa ushindi, na hakuna haja ya kumficha. Alipokutana na Maama Bbosa kisimani hakuweza kujizuia, akamwambia mtoto wake naye angeweza kuja, darasa limerudi kwa mlango mwingine. Maama Bbosa alisema mkusanyiko ni mkusanyiko, na mwanawe atabaki nyumbani na redio na vitabu vya marehemu baba yake. Proskovia alimhurumia mtoto yule kwa kuwa na mama mgumu namna ile.

Zawedde, kwa upande wake, alichanua. Kiyaga alimwona anavyojumlisha kichwani, akamtoa kwenye turubai akamweka kwenye mizani, kupima magunia ya wakulima. Proskovia alifurahi kupita kiasi, akaona huo ndio mtihani wa desimali. Jioni msichana alipeleka sukari kwa bibi yake, na chai ya Jjajja Nantale, iliyokuwa chungu tangu ugonjwa uanze, ikawa tamu. Bibi alikuja akapiga magoti mbele ya mwalimu, yeye na uzee wake, akambariki. Zawedde alikuwa ameanza kuuliza maswali machache kuliko zamani. Proskovia aliliona hilo, akaliita utu uzima.

Shule zilipofunguliwa kabisa, Proskovia alitangulia siku nzima kabla, akafyeka majani yaliyofika madirishani na kuwafukuza popo. Aliandika tarehe ubaoni kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Asubuhi wakaja watoto wa barabara ya juu, wale wenye televisheni na walimu wa kuja nyumbani kwa siri. Kutoka Kyalumbwa ya chini alikuja mmoja tu. Alikuwa mtoto wa Maama Bbosa, sare imepigwa pasi, suruali imemwishia katikati ya mguu. Alijua mambo ya ajabu ya ramani na hakujua kupokezana wimbo na mtu.

Proskovia alisubiri wiki ile iishe. Labda wanatafuta sare, alijiambia, labda viatu. Kisha akashuka ghalani.

Turubai lilikuwa limejaa. Walipomwona wakaanza wenyewe jedwali la saba kwa furaha, na mikono haikusimama. Zawedde aliacha mizani, akaja akapiga magoti kama siku zote, akamuuliza habari za nyumbani na habari za mgongo wake. Heshima ile ilimuumiza Proskovia kuliko kama angetukanwa.

"Shule imefunguliwa, mwanangu."

"Nimesikia, Madamu."

"Nimekuwekea nafasi mbele. Mwaka huu ni mtihani."

Zawedde alitazama chini. "Kule kuna nini ambacho hukutufundisha hapa?"

Proskovia alikuwa na majibu mengi: cheti, sekondari, daktari, dunia. Lakini kwa miezi yote ile alikuwa amewaambia kwamba hapa hawakosi kitu, kwamba hapa ndipo shule bora kuliko shule, na walimwamini kwa kuwa hakuwahi kuwadanganya. Akasema habari ya cheti. Msichana akasikiliza kwa adabu, kisha akaeleza kwamba Ssalongo Kiyaga amemwahidi usimamizi, kwa kuwa Madamu ameondoka na nafasi iko wazi.

Proskovia alikwenda kwa bibi. Jjajja Nantale alimkaribisha kwa muhogo na chai yenye sukari, akamsikiliza mpaka mwisho, akashangaa kweli kweli, bila ubaya.

"Madamu, si ulituambia mtoto bila kitabu anaoza? Huyu hakuoza. Ulimsomesha, kasoma, kapata kazi. Wengine husomesha miaka mingi na kazi hawaioni." Akamsogezea sahani. "Au ulikuwa unatuambia uongo siku ile?"

Proskovia alikula muhogo kwa kuwa kukataa ni tusi. Alikumbuka jinsi alivyopiga magoti mbele ya Kiyaga akijiona mjanja, na jinsi yule bwana alivyofikiri kidogo tu. Alijua sasa kwa nini hakuhitaji muda zaidi. Wazazi wasingeleta watoto wao wote kazini kwa ajili ya kahawa ya Kiyaga. Waliwaleta kwa ajili ya jina la mwalimu. Mwerevu hajinyoi, wahenga walisema, na yeye alijinyoa mpaka akajichuna ngozi.

Alirudi shuleni kwa njia ndefu ili asipite ghalani. Maama Bbosa alikuwa langoni, amekuja kumchukua mwanawe, barakoa bado usoni ingawa karibu wote walishazitupa. Walisalimiana. Proskovia alingoja kuchomwa, maana mwanamke yule alikuwa na haki zote za kumchoma. Lakini Maama Bbosa hakuwa amekuja kushinda. Macho yake yalipita kwenye madawati matupu, na sauti yake ilikuwa ya mama mwenye wasiwasi.

"Mwanangu analia kwamba hana wa kucheza naye. Wenzake wa chini wako wapi, Madamu? Wamekufa?"

"Wako kazini," Proskovia akasema. "Niliwapeleka mwenyewe."