Ghuba Iliyokuja Kusailiwa

Mashine ya kuchapia ramani katika Kitengo cha Uteuzi wa Maeneo ya Bahari ilikuwa na tabia ya kuishiwa wino wa buluu. Wino wa rangi nyingine haukuisha kamwe. Asubuhi ile mchora ramani alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, anatikisa kasha la wino kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi, simu ya mlinzi wa getini ilipolia.

Mlinzi alisema kuna wageni watatu chini, wamekuja kwa ajili ya lile tangazo la gazetini. Mchora ramani akamuuliza ni akina nani. Mlinzi akamjibu kwamba ni maji.

"Ya kunywa?" aliuliza, maana madumu ya maji ya kunywa huletwa kila wiki.

"Ya chumvi," alisema mlinzi. "Nimeyapa vitambulisho vya wageni, ila havishiki."

Ofisini mchora ramani huyo walimwita Mama Mistari. Hakuwa na mtoto, alikuwa na mistari tu: huku njia ya meli, huku mtambo, huku watu wakae mbali. Alikuwa mwanamke wa makamo asiye na makuu, na mistari yake ilinyooka hata siku alizokuwa na mafua.

Tangazo lenyewe aliliandika mkurugenzi kwa mkono wake. Serikali ilikusudia kujenga mtambo wa kwanza wa kufua umeme kwa nguvu ya mawimbi na ya maji kupwa na kujaa, na maeneo matatu ya bahari yalikuwa yamependekezwa. Mkurugenzi alipenda sana neno "shirikishi". Alipoona tangazo limepauka, aliongeza mwishoni kwamba kila eneo litapewa nafasi ya kusikilizwa. Basi maeneo yakaja.

Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo yalipanda ngazi. Uliotangulia kufika ghorofa ya tatu ni Mkondo, yale maji yanayopita kwa fujo kati ya nchi kavu na kisiwa. Ulikuwa mnene kama kabati la nguo na haukujua kutulia. Viti vyote vya mapokezi viliburutwa hadi ukuta wa kushoto, na baada ya chakula cha mchana, maji yalipogeuka, vikaburutwa vyote hadi ukuta wa kulia. Nyuma yake yakaja Mawimbi ya Mnarani, kutoka kule nje kwenye mnara wa taa, yakipanda na kushuka hapo hapo yalipo, hadi katibu muhtasi akahamishia karatasi zake juu ya kabati. Mwisho ikaja Ghuba. Ilipanda taratibu, ikipumzika kwenye kila pembe ya ngazi kama mama mtu mzima, na ilipofika ikajikunja kwenye kona, karibu na maua ya plastiki.

Mfagizi aliwatazama wageni, akaenda kuchukua dekio. Alichouliza ni kama watakaa sana.

Mkondo ulivuma tu, na Mawimbi yaligugumia, kwa kuwa huko yatokako hakai mtu wa kuyazoeza maneno. Ghuba ilijua kusema. Kwa miaka mingi wanawake walikuwa wakifuga chaza ndani yake, wakiwaning'iniza kwenye kamba, na aliyeongea kuliko wote alikuwa shangazi yake Mama Mistari. Kwa hiyo Ghuba iliongea kwa sauti ya shangazi, hata kile kikohozi cha kuanzia maneno ilikuwa nacho.

"Hujambo, mwanangu," ilimwambia Mama Mistari. "Shangazi yako anakusalimu. Anasema siku hizi unatuona kwenye ramani tu."

Mama Mistari aliona haya. Baba yake alipofariki, shangazi ndiye aliyemchukua na kumlea kwa chaza wale wale, na ndani ya Ghuba hiyo ndimo alimojifunzia kuogelea, shangazi amemshika tumbo kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono wa pili. Akasema ametingwa na kazi. Ghuba ikasema inaona, na ikamuuliza kama anakula vizuri.

Usaili ulifanyika katika chumba cha mikutano. Mezani walikaa mkurugenzi, mwanasheria na mhandisi, msichana aliyetoka kuajiriwa, mwenye gurudumu dogo la kupimia nguvu ya maji. Mama Mistari alikaa pembeni na penseli yake.

Ulianza Mkondo. Mhandisi alitumbukiza gurudumu, nalo likazunguka hadi likachomoka kwenye mpini na kukwama kwenye dari. Mhandisi aliandika matokeo kwa furaha iliyomfanya aandike upande. Yakafuata Mawimbi. Hayo yaliinua meza na kuishusha, yakaiinua na kuishusha, mpaka mwanasheria akaomba ruhusa na kwenda kutapika. Hata yeye, aliporudi, alikiri kwamba nguvu zipo.

Gurudumu liliteremshwa darini kwa ufagio, likatiwa kwenye Ghuba. Likageuka nusu, likafikiri, likaegemea upande.

"Una nguvu kiasi gani?" mkurugenzi aliuliza.

"Sina, baba," Ghuba ilisema. "Nimekuja kuwaambia hivyo. Mimi ni ya kulea vitu. Ukiniwekea chuma nitakaa nacho tu, sitakizungusha."

Mkurugenzi aliandika, na kwa kuwa alikuwa akisoma kwa sauti anachoandika, wote walisikia: eneo ni nyenyekevu na lina ushirikiano wa hali ya juu.

Wageni wakaombwa wasubiri nje. Mhandisi alisema haoni cha kujadili, maana Mkondo peke yake ungeweza kuwasha mji mzima. Mkurugenzi alimkubalia. Akaeleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mwenzake njia ya kufika chooni, kwamba nguvu za maji ni kigezo, lakini si peke yake. Mandhari nayo ni kigezo. Mbele ya Mkondo kulikuwa na nyumba ya mapumziko ya waziri, yenye ukuta mzima wa kioo, na waziri hupenda kuutazama Mkondo anapokunywa chai. Mbele ya Mawimbi ya Mnarani kulikuwa na nyumba ya shemeji yake waziri, ambaye naye ana macho.

"Na Ghuba?" Mama Mistari aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyoikusudia.

"Ghuba nani anaitazama?"

"Shangazi yangu."

Mkurugenzi alicheka vizuri tu, bila ubaya, kama aliyepewa zawadi ya mzaha, akamwambia amfikishie shangazi salamu.

Mama Mistari akarudi mezani kwake kuchora mpaka wa eneo lililoteuliwa, yaani Ghuba. Alikaa na penseli hewani mpaka chai yake ikapoa. Alijiambia kwamba asipochora yeye atachora mwingine, na huyo mwingine ana mkono unaotetemeka. Mwishowe akaizungushia Ghuba mstari wa nukta nukta, nukta zikiwa mbali mbali, ili mtu mzima mwenye kamba aweze kupita katikati. Ilikuwa mara ya kwanza kuchora mstari wenye huruma. Mkurugenzi aliitazama ramani kwenye mwanga wa dirisha, akamsifu kwa usafi wa kazi, akamwambia aunganishe nukta.

Akaunganisha. Wino wa buluu ulitosha siku hiyo.

Jumamosi alikwenda kwa shangazi. Alimkuta ndani ya maji hadi magotini, kanga ameikaza kiunoni, anakwangua matope kwenye maganda ya chaza. Ghuba ilikuwa imesharudi, imetandaa mahali pake na kujifanya haisikii.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nasikia umetuchora."

"Nilianza na nukta nukta. Ili mpate pa kupita."

"Ungesema mapema nikonde," shangazi alisema, akamrushia kisu cha pili.

Mama Mistari alivua viatu akaingia. Walifanya kazi hadi maji yalipoanza kupwa, shangazi akisimulia habari za majirani, nani kaoza binti na nani kanunua jokofu lisilopoza. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Mpwa wake alipoinama kufungua kamba, machozi yalimtoka. Ghuba iliyapokea kwa adabu. Yalikuwa maji ya chumvi kama mengine, yakaingia humo humo.

"Wewe ungefanya nini, Shangazi?" aliuliza.

Shangazi alifikiri kweli kweli. "Ningeuvunja ule mkono wa kuchorea, nikasema nimeanguka," alisema. "Halafu mkono ungepona, na wangekuwa bado wananisubiri. Shika hapa, uvute."

Ujenzi ukaanza. Nguzo za chuma zilichomekwa, uzio ukazungushwa kufuata mstari wa Mama Mistari, ambao mafundi waliusifu kwa kunyooka. Kamba za chaza zilikatwa. Kila mwanamke aliyekuwa akifuga chaza alipewa kofia yenye picha ya mtambo, na kwa kuwa kofia zilikuwa kubwa, shangazi alisema angalau zinawaziba macho wasiuone.

Mtambo ulipokamilika haukuzunguka. Ghuba ilikuwa imesema hivyo tangu mwanzo. Mhandisi alipeleka kipimo chake, nacho kilikuwa sifuri. Mkurugenzi alikipokea bila wasiwasi, akasema sifuri ni mwanzo mzuri, kwa sababu haiwezi kushuka. Mhandisi akaomba uhamisho, akapelekwa idara ya barabara.

Siku ya uzinduzi ililetwa jenereta ya dizeli, ikafichwa nyuma ya jukwaa na kufunikwa turubai, ikauzungusha mtambo ili mtambo ufue umeme. Taa ya kijani ikawaka. Waziri alipiga makofi, akasema nchi imeacha kuchoma mafuta, na kila alipotua kuvuta pumzi jenereta ilisikika ikikubaliana naye.

Ghuba haikungoja hotuba ziishe. Mahali pake palikuwa pamejaa vyuma, haikuwa na pa kunyoosha ubavu. Ilikusanya maji yake, ikamchukua shangazi na kamba alizookoa, wakaondoka pamoja kwa njia ya lami. Walipopita palibaki unyevu, na magari yaliwapisha kama yanavyopisha ng'ombe.

Mama Mistari aliwafungulia mlango akiwa bado amevaa nguo za uzinduzi. Alikuwa amepanga vyumba viwili ghorofa ya pili, sebule na cha kulala. Ghuba iliomba radhi kwa ghafla yake, ikaingia sebuleni, ikajitandaza ukuta hadi ukuta. Maji yalipojaa yalifika kwenye vifundo vya miguu, na maji makuu ya bamvua yalipokuja yalifika kwenye kikalio cha kiti. Kamba za chaza walizifunga kwenye miguu ya meza na chini ya kabati la vyombo. Mwenye nyumba alikuja kuona, akauliza wamekuwa wangapi sasa. Mama Mistari alisema wameongezeka wawili. Mwenye nyumba akasema sawa, mradi wasipige kelele, na kwa kweli Ghuba ilikuwa mpangaji mtulivu kuliko jirani wa juu, aliyekuwa akijifunza ngoma.

Wakazoeana. Asubuhi shangazi hukaa kwenye kiti cha sebuleni, miguu majini, anakwangua chaza na kuiambia Ghuba habari za mtaa mpya, naye mpwa wake hupita akiwa amekunja sketi na viatu mkononi, anawahi kazini. Chaza walinenepa kiasi. Pale Ghuba ilipokuwa zamani palibaki shimo la tope lenye mtambo katikati, na jenereta ikiendelea chini ya turubai. Dizeli huletwa kwa lori kila wiki. Mkondo uliendelea kupita mbele ya kioo cha waziri kwa nguvu ile ile, bila kuwasha hata balbu moja. Kitengo kilikuwa kimeanza kuteua maeneo ya awamu ya pili, na mkurugenzi alipewa gari jipya kwa ajili ya kuyatembelea.

Taarifa ya mwaka ilipokaribia kuchapwa, mkurugenzi aligundua hana picha ya eneo la mradi ambayo ndani yake kuna maji. Alimwita Mama Mistari, akamuuliza kwa heshima kama ni kweli Ghuba iko kwake. Mama Mistari alisema ni kweli. Basi siku ya pili akaja mpiga picha wa ofisi, kijana mwenye mikoba miwili, akavua viatu mlangoni na kuwasalimu wote, Ghuba nayo. Alisubiri maji yajae vizuri. Akamwomba Mama Mistari ashike pazia ili mwanga uingie, akalishika. Kisha akachuchumaa, akachungulia, akasimama.

"Samahani, bibi," alimwambia shangazi. "Sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Shangazi aliangalia kushoto kwake, ukuta. Akaangalia kulia, kabati. Nyuma ya kiti kulikuwa na dirisha.

"Nisogee wapi tena, baba?"

Kijana naye aliangalia, akaona hapana nafasi. Mama Mistari alikuwa amesimama pale pale na pazia mkononi, anatazama maji. Hatimaye shangazi alipandisha miguu kitini, akaikumbatia, akajikunja awezavyo na kuinamisha kichwa, na mpiga picha akapiga kuanzia hapo kwenda chini.

Picha ilitoka nzuri. Waliiweka kwenye jalada la taarifa, buluu tupu, na haikuonekana alama ya mtu.