Mbele ya Mkwe

Mimi Sesilia, mjane wa hapa Gare, ninaishi kwa binti yangu Loveness na mumewe Alen. Na Alen tunaheshimiana inavyotakiwa: mama mkwe na mkwe hawali pamoja. Wao wanakula sebuleni, mimi ninakula jikoni peke yangu, mlango nimeuegesha. Ndiyo desturi, na sikuwahi kuiona mbaya mpaka sukari yangu ilipoanza kupanda.

Maana ninakula mboga ya mnavu na kipande cha ugali, ninameza vidonge vyangu, na kila nikienda kliniki kipimo kiko juu. Sasa nani wa kunishuhudia? Sufuria?

Jumapili iliyopita, tumetoka ibadani, Loveness akanisimamisha uani. Alen yuko pale pale anafunga mbuzi.

"Mama, acha kudokoa ndizi. Unajiua, halafu tutasemwa sisi."

Loh! Mbele ya mkwe! Kuitwa mdokozi, mimi mtu mzima! Alen akainamia kamba yake kama hajasikia. Niliingia chumbani nikatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo hata ule ugali niliupunguza, nikawa natembea na kizunguzungu, ili kipimo kije kinisafishe.

Jana Loveness akanipeleka hospitali. Kipimo? Juu zaidi. Nikamwambia daktari kabla hajaniuliza kitu, "Sidokoi, mwanangu. Naapa." Machozi haya hapa. Aibu juu ya aibu.

Daktari, binti mdogo tu, akasogeza kiti. "Nani kakwambia unadokoa, bibi?"

Loveness akatazama dirishani.

Daktari akatueleza. Kwenye kongosho kuna seli zinazotengeneza insulini, ile inayoitoa sukari kwenye damu. Pamoja na insulini, seli hizo hutoa protini nyingine, na kila protini lazima ijikunje kwa umbo lake. Mwili usipoisikia insulini vizuri, seli hulazimika kutengeneza kwa wingi, na ile protini ya pili huanza kujikunja vibaya. Zilizoharibika zinanatana, zinakuwa mabonge kama ya uji usiokorogwa, na mabonge hayo yanazidhuru seli mpaka zinakufa.

"Si sababu pekee, na chakula bado ni muhimu," akasema. "Lakini mtu anaweza kufuata masharti yote na sukari ikapanda, kwa kuwa seli zimepungua. Vidonge haviamshi seli iliyokufa. Sasa utachoma insulini. Na usijinyime chakula tena."

Jioni Loveness akaja chumbani kwangu na sindano, macho chini. "Mama, nisamehe."

"Ulinivua nguo mbele ya mkwe," nikamwambia. "Nivishe mbele yake. Bila hivyo sichomwi."

"Mama, daktari kasema tusichelewe."

"Sichomwi!"

Akamwita. Alen akasimama nje ya mlango, uso kaugeuzia pembeni kwa heshima. Loveness akamweleza yote, seli na mabonge, na kwamba mama hajadokoa kitu. Mimi nimekaa wima kitandani, nasubiri pole yangu.

"Shikamoo, mama," akasema Alen. "Loveness hana kosa. Yale maneno yalikuwa yangu. Mkwe hawezi kumkaripia mama, ndiyo maana nikamtuma yeye."

Hee! Kumbe huyu ninayejifichia jikoni kwa kumheshimu ndiye aliyeniona mwizi! Nilikuwa nadai heshima yangu kwa mtu aliyeitupa mwenyewe. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Marahaba," nikajibu, maana shikamoo haiachwi hivi hivi. Nikamnyooshea Loveness mkono, nikamwambia achome, kwa kuwa sikuwa tena na kitu cha kungojea.