Ubeti wa Pili wa Bata Aliyeganda

Nyimbo za Siku ya Shukrani ziko kumi na moja. Najua kwa sababu nimezihesabu, tena nilizihesabu katika wiki ambayo sikulala vizuri wala sikula nikatulia. Mbili ni za kanisani, za mavuno. Nne zimeimbwa na watoto wa shule ambao inasikika wazi hawakutaka kuimba. Moja inahusu bata mzinga anayemkimbia mwenye shoka, na hiyo angalau ina mdundo. Ukizipiga zote mfululizo, ukazungumza polepole katikati, unapata dakika thelathini na nne. Mimi nilikuwa nahitaji kujaza asubuhi nzima, kuanzia saa kumi na mbili hadi adhuhuri.

Natangaza redio hapa Tolliver, mji mdogo wa Nebraska, Marekani, kipindi cha asubuhi, huu ni mwaka wa ishirini na saba. Hali ya hewa, misiba, mbwa waliopotea, mpira wa shule. Meneja wetu anaitwa Todd Wessel, na sitasema ni mtu mbaya, maana si mbaya. Ila mwaka jana aliamua kwamba kituo kigeuke kuwa cha Krismasi tupu tangu alfajiri ya Siku ya Shukrani, ambayo kwetu huwa Alhamisi moja ya Novemba, badala ya kungoja Ijumaa kama watu wenye adabu. Alisema wenye maduka wanapenda hivyo. Basi nikapiga wimbo wa kwanza wa Krismasi saa kumi na mbili na dakika moja, mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Sasa nimtaje mama yangu. Anaitwa Leota, ana miaka themanini na nne, anakaa katika makao ya wazee upande wa pili wa mji, dakika saba kwa gari. Kumbukumbu zake huja zikipenda na huondoka bila kuaga. Redio yake haizimwi. Siku moja walipoichukua kuitengeneza, alimuuliza kila mhudumu mazishi yangu ni lini. Namba ya studio imebandikwa juu ya simu yake kwa plasta, naye hupiga karibu kila wiki kunikosoa, kwamba nimesema upepo unatoka kusini na kumbe dirisha lake linaonyesha unatoka kaskazini.

Kaka yangu Duane alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Mwaka mzima humwoni, lakini Krismasi lazima aje. Alikufa Februari moja, barabarani huko Wyoming, kwenye barafu, na imepita miaka ishirini na tatu. Kuna siku Mama anajua hivyo na kuna siku hajui. Mwaka jana, saa nne ya asubuhi ile ya Shukrani, walinipigia simu kwamba wamemkuta nje kwenye benchi, koti amevaa, mkoba mapajani, miguuni slipa za chumbani. Aliwaambia anamsubiri Duane. Siku hiyo wahudumu hubaki wawili kwa wazee thelathini, wengine wote wako kwao wanaoka bata. Hakuna aliyemwona akitoka. Vidole viwili vya mguu wa kushoto viliganda kwa baridi, vikakatwa.

Hakuna aliyenilaumu, na hapo ndipo palipoumia zaidi. Niliona mambo yalivyokuwa bila kuelezwa. Mama alisikia nyimbo za Krismasi, kwa hiyo ilikuwa Krismasi, kwa hiyo Duane alikuwa njiani. Aliyemtoa nje kwenye baridi ni mimi.

Kwa hiyo mwaka huu, Todd aliposema tutafanya kama mwaka jana, nilimwambia hapana. Tulikuwa kwenye chumba cha kahawa, na alidhani natania.

"Glenda, watu wanataka Krismasi," alisema. "Shukrani haina nyimbo. Nitajie tatu."

Nilimtajia mbili, nikakwama. Alitabasamu, halafu akaona uso wangu akaacha. Sikumweleza habari za Mama. Anazijua, mji huu hauna siri hata ya vidole vya miguu. Alifikiri kidogo, akasema nimletee hizo nyimbo. Ziwe za Shukrani kweli, zinazoitaja siku yenyewe au chakula chenyewe, si zile za asante mpenzi kwa kunipenda. Nikijaza kipindi changu chote, Krismasi itangoja hadi adhuhuri. Adhuhuri ndipo ninapotoka kazini kwenda kumchukua Mama. Mwingine wa kushika kipindi hayupo, wenzangu wawili huenda kwa wajukuu wao Omaha. Kumleta Mama studio haiwezekani. Ngazi zetu ni kumi na tisa, naye ana vidole vinane vya miguu.

Nikaanza kutafuta, nikahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Nilipekua kabati la kwaya ya Walutheri mpaka vumbi likanitoa machozi. Nilienda kwenye duka la mitumba la Wakatoliki nikageuza sahani za santuri moja moja, na kila nilipofika herufi ya mwisho nilirudi mwanzo, nisiamini. Mapenzi yameimbwa mpaka yamechakaa. Lori limeimbwa, mvua imeimbwa, mbwa aliyekufa ana nyimbo zaidi ya Siku ya Shukrani. Krismasi ina nyimbo za theluji, za kengele, za punda, za mtu mnene anayeshuka dohani. Lakini siku ambayo nchi nzima inakaa mezani na ndugu zake, wakiwemo wale isiowapenda, hiyo haina mtunzi. Nilikasirika kweli. Nadhani watu wakishiba husinzia, na wakiwa bado na njaa wanagombana kuhusu nani alete pai. Wimbo utungwe saa ngapi?

Jumatano jioni nilimpelekea Todd karatasi yenye majina kumi na moja. Aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

Nikamwambia nitafungua simu. Kila familia ina kitu inachoimba kabla ya kula, hata kama hakijawahi kurekodiwa, wacha wapige waimbe. Todd alijikuna shingo. Alinipa hadi saa tatu. Ikifika saa tatu simu zikiwa kimya, Krismasi inaanza, na wala tusizozane. Akaandaa kabisa santuri ya kwanza mwenyewe, akaiacha kwenye mashine, imebaki kubonyezwa kwa kidole kimoja tu iende hewani.

Alhamisi, saa kumi na mbili, nikafungua. Mzee mmoja wa shamba la nguruwe aliimba sala ya mezani ya Kicheki kwa sauti ya kukwaruza, nikafurahi nikajua tumeanza. Akafuata mama mmoja na mapacha wake, wakaimba mstari mmoja wakacheka. Halafu hakuimba mtu tena. Simu ziliita, naam, ziliita mfululizo, lakini watu walitaka kuzungumza juu ya bata. Wa kwanza aliuliza kama akimtoa kwenye friza sasa hivi ataiva saa nane. Wa pili alimwambia wa kwanza asahau. Wa tatu alikuwa analia. Amealika watu kumi na tisa, wakiwemo wakwe, na bata wake wa kilo tisa amegonga meza ametoa mlio wa tofali. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Kila mwaka tunatangaza mtoe bata Jumapili, na kila mwaka nusu ya Tolliver inaamka Alhamisi na jiwe.

Nilitazama saa. Dakika thelathini na nne za nyimbo zangu zilikwishakwisha kabla ya saa mbili. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Nilimfikiria Mama dirishani, nikafikiria mlango ule wa makao unaofunguka kwa kusukuma tu.

Yule mama wa kilo tisa alikuwa bado hewani, ameshikwa na kwikwi.

"Mtie kwenye beseni la kuogea, mama," nilimwambia. "Maji baridi, ubadilishe kila nusu saa. Sisi tulifanya hivyo mwaka themanini na tatu. Mama yangu alitutungia hadi wimbo."

Yule mama akasema, "Basi uimbe. Wewe si ndiye unatafuta nyimbo?"

Nilikuwa sijaukumbuka kwa miaka. Nikavuta pumzi, nikaimba, na sauti yangu haina lolote la kujivunia:

*Bata kaganda, yumo beseni bafuni,*
*Msugueni mgongo, mpapaseni kifuani,*
*Shukrani tunazo, nyama haipo mezani.*

Nikarudia mara mbili kwa sababu ndio ubeti pekee niliokuwa nao. Yule mama alicheka mpaka kwikwi zikaisha. Taa za simu zikawaka zote kwa mpigo. Nikajisemea, haya, tumepona, hata wakicheka tu mpaka adhuhuri inatosha. Nikabonyeza taa ya kwanza.

"Umekosea," ilisema sauti. "Huwezi kuimba wa kwanza ukaacha wa pili."

Ilikuwa sauti ya Mama, na ilikuwa imechangamka jinsi ambavyo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili. Alikuwa akinikosoa mbele ya wilaya nzima, na mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga. Nikamwambia basi atufundishe huo wa pili. Akakohoa kidogo, akaimba bila kukosa neno:

*Duane kachelewa, yuko barabarani,*
*Ongezeni kiti, wekeni na sahani,*
*Hatuli, hatulali, mpaka afike nyumbani.*

Nikakumbuka yote. Mwaka ule aliahidi kuja Shukrani, akitokea Denver, theluji imemfungia njia, na Mama alikuwa anatufanya tuwangoje wote wawili, bata na mtoto, akituimbisha ili tusimwone akichungulia dirishani. Alifika jioni. Bata naye akaiva jioni.

"Mama," nilisema.

"Siwezi kukaa kwenye simu, Glenda," alisema. "Ngoja nivae koti."

Akakata.

Nilibaki na simu iliyokatika, hewani, wilaya nzima ikinisikiliza nikipumua. Nikapiga makao, simu ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Sikumwita Todd. Nilinyoosha kidole, nikabonyeza ile santuri ya Krismasi, kengele zikaanza kulia, na mimi nikashuka ngazi kumi na tisa sijui kwa miguu ipi.

Njia nzima redio ya gari ilinipigia kengele. Taa nyekundu ya kwenye daraja niliipita, Mungu anisamehe na polisi wasisome hapa. Nilikuwa nalia na kujitukana kwa pamoja. Mwaka mzima nimepanga kuzizuia nyimbo za Krismasi, na wimbo uliomwita mlangoni nimeuimba kwa mdomo wangu.

Alikuwa kwenye benchi lile lile. Koti, mkoba mapajani. Safari hii alivaa viatu. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Yesenia, mmoja wa wale wahudumu wawili, blanketi mkononi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Bi Leota amekataa kurudi ndani, naye hakuthubutu kumwacha hata aende kupokea simu. Nilichukua blanketi nikamfunika Mama miguu, nikaketi. Mlango wa gari niliuacha wazi na kengele zilikuwa zinasikika mpaka pale.

Mama alisikiliza, akakunja uso.

"Kwa nini wanapiga Krismasi?" aliuliza. "Leo si Shukrani?"

Nilimtazama. "Ni Shukrani, Mama. Unajua ni Shukrani?"

"Mbona unaniuliza kama mtoto? Bata yuko kwenye beseni."

Nikauliza, nikijua sitaki jibu, kama mwaka jana alipotoka nje alidhani ni Krismasi. Alinishangaa kabisa. Krismasi kuna haja gani ya kutoka, alisema, Krismasi Duane huja mwenyewe kwa wakati. Siku aliyochelewa ni Shukrani.

Basi. Kabati la Walutheri, mitumba, karatasi kwa Todd, mwaka mzima wa kujilaumu. Hata Shukrani ile ningenyamaza kabisa hewani, Mama angetoka tu, maana wimbo ulikuwa wake. Sikujua nicheke au nilie, na nadhani nilifanya vyote viwili. Nilitaka kumwambia Duane hayupo. Nimemwambia mara nyingi, na kila mara anafiwa upya, na mimi namtazama akifiwa. Nikasema njia ina theluji.

"Najua ina theluji," alisema. "Imba."

Nikaimba ubeti wa kwanza. Yeye akaimba wa pili. Halafu akasema turudie, na safari hii wa pili niimbe mimi. Nikauimba, nikamtaja Duane, nikaongeza kiti, nikaweka sahani. Miaka ishirini na tatu sijawahi kulitaja jina lake kwa kuimba, na katikati nikakwama, Mama akanimalizia.

Mkono wake ndani ya mkono wangu ulianza kupoa. Yesenia alikuwa bado mlangoni. Nilikuwa natafuta uongo mwingine wa kumwinulia pale, na sikuupata.

Mama ndiye aliyefunga mkoba wake, akautia kwapani, akanishika bega ainuke.

"Twende ndani, mwanangu," alisema. "Njia anaijua."