Msipige Makofi Mpaka Ainuke

Fundi umeme aliingia ukumbini mikono ikiwa mifukoni, na si kwa sababu ya baridi. Mkewe ndiye aliyemwamuru pale mlangoni kwamba mikono hiyo ikae humo humo mpaka warudi nyumbani.

Mama wa watu hakuwa na ubaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka aliyemuuma yeye alikuwa mumewe. Mara ya mwisho walipoalikwa kumsikiliza binti yao, katika ukumbi huu huu, binti alikaa nyuma ya spika mbili kubwa na spika zikaanza kuvuma. Zikavuma, zikavuma tena, na watu wakainamisha vichwa kwa heshima. Fundi alijikaza mpaka uvumilivu ukamwisha. Maisha yake yote alikuwa akiitwa majumbani kuondoa mvumo wa namna ile, na leo mtoto wake mwenyewe anaaibika mbele ya wageni kwa sababu ya waya mbovu, halafu baba mtu akae tu? Akanyanyuka, akanyata kando ya ukuta, akachomoa plagi, akaikwangua kwa kisu, akaichomeka upya. Mvumo ukakoma kabisa. Akarudi kitini na furaha ya mtu aliyemwokoa mwanawe, akashangaa kwa nini hakuna anayemshukuru.

Kumbe ule mvumo ndio uliokuwa muziki wenyewe. Binti alikuwa ameutafuta kwa miezi, akiuongeza na kuupunguza, mpaka akaupata, na baba yake akaupoteza kwa kisu cha mfukoni.

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Asante, baba," kwa sauti ya karani wa benki, na tangu siku hiyo akija nyumbani anakula, anaosha vyombo, anauliza hali ya presha, lakini habari za muziki hata chembe. Fundi akiuliza kazi inaendaje, anaambiwa inaendelea. Huo ulikuwa mlango uliofungwa, na fundi, ambaye alijua kufungua kila kitu chenye skrubu, hakuwa na bisibisi ya kuufungulia. Ilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Mwaliko wa leo ulipitia kwa mama wa binti. Fundi alielewa kuwa amepewa nafasi ya pili na kwamba ya tatu haipo, basi akapiga moyo konde: leo atakaa kama maji mtungini, hata jengo liwake moto.

Na jengo lenyewe, kwa nyaya zake mbovu, lilikuwa halina budi kuwaka siku moja. Zamani lilikuwa kiwanda cha mikate. Chama cha wasanii kililichukua, chama ambacho hakipati faida wala hakiitafuti, na kila kiti kilikuwa kimetolewa sadaka na nyumba tofauti. Mkewe alipata kochi. Yeye aliangukia kiti cha ofisini chenye magurudumu, akawa anajizuia kwa miguu yote miwili asije akateleza hadi jukwaani. Mbele yake, swichi ilining'inia ukutani kwa waya mmoja. Fundi aliiona, akafumba macho.

Msimamizi wa ukumbi, bwana wa makamo aliyejifunga skafu katika joto lile na ambaye wote walimwita Bwana Skafu, akasimama kueleza utaratibu. Alisema kazi zinazopigwa hapa zina ukimya ndani yake, na wageni wengi hudhani ukimya ni mwisho, wakapiga makofi na kuharibu. Kwa hiyo hapa kuna desturi moja, nayo haivunjwi: hakuna kupiga makofi, hakuna kukohoa, hakuna kusimama, mpaka mpigaji ainuke kwenye kiti chake.

"Akiinuka, kazi imekwisha," alisema. "Asipoinuka, inaendelea."

Mke wa fundi akageuka kumtazama mumewe. Fundi akamjibu kwa kichwa kwamba amesikia.

Binti akaingia. Akaketi juu ya kigoda kifupi, magoti karibu na kidevu, katikati ya masufuria, beseni la maji, redio mbovu na mlango wa kabati uliosimamishwa kwenye fremu. Akaanza kukwangua sufuria kwa kijiko. Akaacha. Akaliacha tone moja la maji lianguke kwenye beseni, akasubiri kama mtu aliyepiga hodi, kisha akaliangusha jingine. Aliyekaa kando ya fundi, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, alishusha pumzi ya raha. Fundi naye akashusha pumzi, asije akaonekana mshamba.

Alijitahidi kuelewa, haki ya Mungu alijitahidi. Alikuwa karibu kukata tamaa binti alipoinamia kipaza sauti na kusema, kwa sauti nzito ya kiume, "Nani ameacha taa ya chooni inawaka?"

Fundi aliruka, na kiti kikateleza hatua nzima. Hayo yalikuwa maneno yake. Watu wakacheka chini chini. Binti akaufungua mlango wa kabati, nao ukalia kilio kirefu chenye kona mwishoni, na fundi akaujua kabla haujamaliza: kabati la jikoni kwake, ambalo aliahidi kulitia mafuta tangu binti hajaanza shule. "Funga friji," sauti ile ikaendelea, "hatupozi mtaa mzima."

Sasa mkewe alikuwa anatikisika mabega kwa kicheko asichokitoa. Lakini fundi hakucheka. Kijiko kile kilikuwa asubuhi za mkewe jikoni, tone lile ni bomba la uani, redio ile ni yake mwenyewe ikitafuta taarifa ya habari. Mtoto alikuwa ameikusanya nyumba nzima na kuileta hapa, na kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiwasikiliza. Fundi akapangusa macho kwa bega, akasingizia vumbi.

Hatimaye redio ikazimwa. Tone la mwisho likaanguka. Binti akaweka mikono mapajani, akatulia.

Hakuinuka.

Basi, kazi inaendelea. Watu wakatulia zaidi. Mama wa miwani alifumba macho, akawa anatabasamu peke yake. Bwana Skafu, pale ukutani, aliweka mkono kifuani. Ukimya ukaongezeka, ukawa mzito, na kila aliyebanwa na kikohozi alikimeza kwa faida ya sanaa. Ni fundi peke yake aliyekuwa hasikilizi. Alikuwa anamtazama mwanawe usoni, na uso ule haukumpendeza.

"Baba," binti akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Njoo uniinue."

"Inachoma moyo," mama wa miwani akanong'ona.

Fundi akashika kiti kwa mikono miwili. Je, ni yeye anayeitwa, au ni baba wa kwenye muziki? Mambo yote ya usiku huu yalitoka nyumbani kwake, basi hili nalo litashindwaje kuwa sehemu? Akinyanyuka na ikawa ni sehemu, atakuwa ameharibu kwa mara ya pili, na mlango ule hautafunguka hadi anaingia kaburini. Akikaa, hakuna wa kumlaumu, maana sheria imetangazwa na wote wameisikia.

"Baba," ikaja tena, chini zaidi.

Mkewe akamgusa kiwiko. "We mzee, unaitwa."

"Na kama ni muziki?"

Mkewe naye alikuwa anamtazama mtoto.

Fundi akainuka. Kiti kikarudi nyuma kwa kishindo kikagonga goti la mtu, watu wakamgeukia, Bwana Skafu akaanza kumpungia akae. Fundi hakumwona. Alipita kati ya masufuria, akakanyaga kijiko, akamwaga nusu ya beseni, akainama mbele ya kigoda na kupitisha mikono chini ya makwapa ya bintiye, kama alivyokuwa akimtoa kwenye beseni la kuogea alipokuwa mdogo.

"Mgongo," binti akamnong'oneza. "Umekaza. Siwezi hata kugeuka."

"Nishike shingo. Taratibu."

Akamnyanyua. Binti akatoa mlio mmoja wa maumivu, kisha akawa wima, ameegemea bega la baba yake. Ukumbi ulimwona ameinuka, na kwa hiyo ukumbi ukalipuka. Walipiga makofi mpaka vumbi la unga wa zamani likadondoka darini. Mama wa miwani alilia waziwazi. Bwana Skafu alikuja mbio kuuliza kama mzee atakuwa na nafasi wiki ijayo, kwa maana kazi itarudiwa, na fundi akamjibu kwamba kwanza kitafutwe kigoda kirefu zaidi.

Walimlaza binti juu ya meza kwenye chumba cha nyuma, tumbo chini. Mama yake alikwenda kutafuta maji ya moto. Fundi alibaki amesimama, hajui aiweke wapi mikono yake, mwishowe akairudisha mifukoni.

"Baba," binti akasema, shavu likiwa limebanwa na meza. "Ulijuaje kwamba haikuwa sehemu ya muziki?"

"Sikujua."

"Sasa kwa nini uliinuka?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Si uliniita, mama."