Mahindi Kwanza

...na maji yanachemka, nayasikia, mimi si kiziwi, ila mkono umegoma juu ya sufuria, maana mifuko ya unga ni miwili, wa muhogo na wa mahindi, na tangu nivuke mpaka nije Kashikishi napika wa muhogo peke yake kama wenyeji, ila kwetu Wakasai mama alitanguliza mahindi, akamalizia kwa muhogo, ugali mzito, mtu akiuonja tu anajua aliyeupika ni wa kabila gani... "Zaire imekwisha, ba mama! Redio inasema!" huyo Kaoma mvuvi, anapita kati ya samaki walioanikwa, anacheka kama yuko arusini, imekwisha, haya, na mimi je, Vicky anapiga makofi, Vicky wa Pweto ninayeuza naye samaki na kulala naye chumba kimoja, aliyenifunika blanketi yake nilipougua malaria, mtu mwema jamani, na ndiye aliyesema siku moja huku akigeuza samaki mchangani, "Bale Bakasai, barudie kwabo bote," Wakasai wote warudi kwao, nikacheka naye, ningefanyaje, mimi Brigitte wa Kasenga, ndivyo nilivyomdanganya, jina langu la Ngalula nimelimeza, wa mwisho kuniita hivyo ni kaka yangu Guylain, stesheni ya Likasi, wenyeji wa kule walipokwisha kutufukuza Wakasai mtaani na kuzipiga teke sufuria zetu, tunangoja treni ya kutupeleka Kasai ambayo hata babu hakuikumbuka vizuri, Guylain akakataa, akarudi na wenzake kukaa milangoni mwa nyumba zetu, mikono mitupu, "Ngalula, miye nilizaliwaka hapa, kwetu ingine iko wapi?"... na mimi nikapanda lori la samaki kuja ziwani, sijui kama yu hai, simwulizi mtu, maana kumwulizia kaka ni kujitaja, nimechoka, nimechoka kulala ubavuni mwa mtu asiyenijua, nchi nzima imekufa mchana kweupe na mimi bado naogopa unga... "Brigitte, maji itakauka! Njala iko inaniuma!" nakuja, Vicky, nakuja, utaonja, utaniangalia, labda utachukua blanketi yako, basi chukua, Guylain alikaa mlangoni, mimi mlango wangu ni huu, sufuria, na maji bado yanachemka, Kaoma bado anapiga kelele kule chini, nafungua mfuko wa mahindi.