Siku Ohinga Aliponyimwa Poko

Elvis Matiko alipopokonywa mpira mbele ya lango lake kwa mara ya pili msimu huo, mashabiki wa timu ya Wachimbaji waliacha kumwita Ohinga, wakaanza kumwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Hiyo peke yake ilikuwa dalili mbaya. Ohinga ni zile kuta za mawe ambazo watu wa kale walizipanga bila udongo kule Nyatike, na mpaka leo zimesimama. Beki wa kati akipewa jina hilo ameheshimiwa kweli. Kwamba Matiko alikuwa Mkuria wa Kehancha aliyebebeshwa jina la Kijaluo halikumsumbua mtu maadamu straika wa wageni walikuwa wakigonga ukuta na kurudi.

Jumapili baada ya kanisa wakakutana katika banda la video la Joash, pale Masara, karibu na mashine za kusaga mawe. Joash alizima televisheni ili watu wasikilizane. Ilikuwa kazi bure, kwa maana hakuna aliyekuja kusikiliza.

Aliyeanza ni Barnabas, mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Barnabas ni dalali wa ng'ombe katika soko la Ogwedhi, na hana njia nyingine ya kumpima kiumbe ila ile ya sokoni.

"Mimi naangalia miguu," alisema. "Huyu kijana akigeuka, anageuka mwili mzima, kama dume la kulimia. Akimaliza kugeuka straika ashaenda nyumbani kula. Ng'ombe kama huyo mimi siwezi kuletea mteja."

"Wacha hiyo, mwenyekiti," Joash akamjibu. "Alikuwa anageuka hivyo hivyo hata mwaka jana. Ni vile tu tulikuwa tunashinda. Hizo bao zote mnamwekea yeye, na golikipa amelala?"

"Golikipa hayuko kwenye redio," mtu akasema kutoka nyuma, na banda lote likaguna.

Hapo ndipo walipokuwa wanaelekea tangu mwanzo. Mwezi wa mavuno Matiko alikuwa amefanywa balozi wa dhahabu safi. Picha yake ilibandikwa barabarani Migori, amevaa jezi, ameshika karai tupu. Alikuwa akipita redioni na mikutanoni akiwaambia watu waache kuchanganya zebaki, sumu ile inayonasa dhahabu, kwa mikono mitupu, na waache kuichomea jikoni mahali ambapo ugali unapikwa. Baada ya hotuba zake maofisa walikuja Masara, wakachukua makarai, wakaondoka. Hawakuleta kitu cha kuweka mahali pake.

"Mchezaji ni wa uwanja," alisema Millicent, mmoja wa wanawake wanaosafisha dhahabu. "Akitaka siasa aache viatu, achukue maikrofoni. Sasa ameshika vyote, na vyote vinamponyoka."

"Na nani mwingine aseme?" Joash akauliza. "Mheshimiwa? Huyo hata hajui Masara ni upande gani."

Watu wakacheka. Kwa muda kidogo ilionekana kana kwamba mambo yangeishia hapo, kwenye kicheko, kama yanavyoishia mara nyingi. Ndipo Scovia akasimama.

Scovia alikuwa mama wa poko. Ndiye aliyeshika kile kibuyu kikavu chenye mbegu ndani, akikitikisa kuongoza ngoma na nyimbo za tawi, na kila mchezaji alikuwa na mlio wake. Matiko akigusa mpira, poko lilitoa mlio mzito wa taratibu, na jukwaa zima likaitika, "Ohinga!" Mlio huo Scovia aliutunga mwenyewe. Siku za kazi alikuwa mwenzake Millicent: walikaa karai kwa karai, wakichanganya zebaki na mchanga wa mawe yaliyosagwa, wakikamua kwa kitambaa.

"Mimi shida yangu si miguu," alisema. "Shida yangu ni mdomo. Huyu kijana amesimama kwenye redio akasema mama yake hashiki kikombe, eti mikono inatetemeka, eti analishwa. Amemvua mama yake nguo mbele ya kaunti nzima. Mtu wa hivyo anyimwe poko."

Kunyimwa poko si jambo la kila msimu. Mchezaji akinyimwa, jukwaa huwa kimya kila anapogusa mpira: ngoma kimya, vuvuzela kimya, na mama wa poko husimama mstari wa mbele ameliinua juu ya kichwa, kimya, ili mchezaji aone kwa macho yake kwamba kibuyu kipo na hakimlilii. Winga mmoja alinyimwa miaka ya nyuma. Sasa anauza vipuri Rongo na hapendi kuzungumzia mpira.

Mikono ikainuliwa, na iliyokubali ikawa mingi. Joash hakuinua wake.

"Basi ni Homa Bay, Jumamosi, na Mbuta United," Barnabas akafunga mkutano, akamgeukia Scovia, aliyezaliwa Karungu. "Na wewe, Nyar Karungu, ndiye utalisimamisha. Umesema vizuri."

Scovia alikuwa bado anapokea pongezi alipoelewa alichojifanyia. Kulitikisa poko hakukuwa tatizo. Tatizo ni kulishika lisitikisike.

Alikuwa ameificha hali ya mikono yake kwa ujanja mwingi. Chai alikunywa nusu kikombe, na kikombe alikishika kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Sindano alimpa jirani amtungie uzi, akisingizia macho. Kanisani alipokea sakramenti kwa ulimi. Akiwa na poko mkononi alikuwa huru kabisa, kwani nani angeshangaa mkono wa mama wa poko ukitikisika? Pale jukwaani ndipo mahali pekee duniani ambapo mkono wake ulikuwa kama wa watu wengine.

Na alikuwa na sababu ya kuficha. Pauline, aliyekaa karai la tatu kutoka lake, alipoanza kutetemeka walisema anakunywa chang'aa alfajiri. Halafu wakasema amerogwa. Mwishowe mwenye shimo alisema mikono ya namna hiyo inamwaga dhahabu, akamwondoa kwenye karai akamweka kubeba mawe, na mgongo wa Pauline haukuwa wa kubeba mawe. Scovia alikuwa na watoto shule na hakuwa na shamba. Kwa hiyo Matiko aliposema redioni habari za mama asiyeweza kushika kikombe, yeye alikuwa amekaa na kikombe chake cha nusu, na alihisi kana kwamba yule kijana amefungua mlango wake bila hodi. Alimchukia kwa moyo wote. Sehemu ya chuki hiyo ilihusu mpira, lakini ni sehemu ndogo sana.

Wiki ile alijaribu kujinasua. Alimwambia Barnabas kwamba bega linamuuma, Valentine wa duka la dawa anaweza kumshikia.

"Valentine hajui hata kipindi cha kwanza kinaisha lini," Barnabas alisema. "Wewe ndiye ulitoa hoja. Ukimweka mwingine watasema umemwogopa Matiko."

Nyumbani, watoto walipotoka, alisimama katikati ya chumba akaliinua poko juu. Lilikaa kimya kitambo kidogo, akaanza kuamini. Kisha mbegu moja ikagonga, halafu nyingine, na muda si muda lilikuwa likinong'ona lenyewe. Alijaribu kwa mikono miwili, ikawa mbaya zaidi. Akalirudisha kwenye mfuko wa sandarusi na kujiambia kwamba uwanjani kuna kelele.

Alisahau, au alitaka kusahau, kwamba kelele ndiyo waliyokuwa wameamua kuizima.

Homa Bay iliwapokea kwa jua kali na upepo mwembamba wa ziwani. Mashabiki wa Mbuta walikuwa wameshika upande wenye kivuli, kama ilivyo haki ya mwenyeji. Wachimbaji walikaa upande wa jua, kilima cha Asego kikiwatazama kutoka nyuma ya paa za mji. Timu zilipotoka, Matiko aliangalia upande wao kama kawaida yake. Hakuna aliyempungia mkono.

Refa akapuliza. Mpira ukazunguka kwa viungo, ukaenda winga ya kulia, ukarudi, na hatimaye ukafika miguuni mwa Matiko.

Ngoma zikakatika. Vuvuzela zikashushwa. Scovia alikuwa ameshasimama mstari wa mbele, mkono juu, poko juu ya kichwa. Hata mashabiki wa Mbuta walishtuka wakanyamaza kutazama kuna nini, na uwanja mzima ukawa kama kanisa wakati wa maombi ya kimya.

Katika ukimya ule poko likalia.

Halikulia sana. Lilikuwa linachechemea, cha, cha-cha, cha, bila mpigo wa mtu anayejua ngoma. Lakini halikuacha. Matiko alisikia. Alisimama na mpira mguuni, akatazama jukwaani, akamwona mama mmoja amesimama peke yake katikati ya watu walionyamaza, na kibuyu kikimlilia. Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, kisha akapiga pasi.

"Nyar Karungu," Barnabas alisema kwa sauti ya chini nyuma yake, "si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Sasa mbona unampigia?"

Watu wote wa tawi walikuwa wanamtazama. Jibu lilikuwepo, rahisi, limekaa pale linamsubiri. Angesema nimebadili mawazo. Angesema nimemhurumia, kijana wa watu. Wangemkasirikia mechi moja au mbili kisha wangesamehe, na Jumatatu angerudi kwenye karai. Aliona aibu, aliona hofu, na juu ya yote alijiona amechoka. Alikuwa amechoka kukishika kikombe kama anaota moto.

"Sipigi," alisema. "Ni mkono."

"Mkono gani?"

Akamgeukia na kuunyoosha mbele yake, poko likiwa ndani, naye hafanyi lolote. Mbegu ziliendelea. Barnabas aliutazama mkono ule kwa muda, kwa jicho lile lile la Ogwedhi linaloona kovu chini ya manyoya. Kisha akalichukua poko polepole. Mkononi mwake likanyamaza papo hapo. Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Millicent, aliyekuwa ameketi kando, aliiangalia mikono yake mwenyewe, halafu akaiingiza chini ya leso.

Mpira ukamrudia Matiko tena. Watu walimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ameshika kibuyu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wengine. Hakukiinua wala hakukitikisa. Ngoma hazikupigwa kwa Matiko siku hiyo, wala hazikukatishwa, zilijikongoja tu kila mtu kivyake.

Ingependeza kusema kwamba Matiko alicheza kama ukuta. Hakucheza hivyo. Alizuia mengi, lakini kipindi cha pili alirudisha pasi fupi kwa golikipa, straika wa Mbuta akaiwahi, akafunga, na Homa Bay ikashangilia hadi ufukweni. Alipogeuka kumkimbiza aligeuka mwili mzima, vilevile alivyosema Barnabas. Joash alisema kosa ni la golikipa aliyechelewa kutoka. Walianza kubishana hapo hapo, na kubishana kuliwapa nafuu.

Mechi ilipokwisha wachezaji walikuja kuwashukuru mashabiki wao, vichwa chini. Matiko alivuka uzio wa kamba, akaja moja kwa moja kwa Scovia.

"Mama, asante," alisema. "Niliambiwa nitanyimwa. Nimesikia wewe peke yako ukinipigia."

Scovia angeweza kumwachia hiyo aende nayo nyumbani.

"Sikukupigia," alimwambia. "Nilikuja kukunyima. Mimi ndiye nilisema unyimwe."

Akaunyoosha mkono. Alidhani kijana atauangalia kama Barnabas, au atarudi nyuma. Matiko hakuuangalia. Aliupokea kwa mkono mmoja, akauweka mwingine juu, akaubana kati ya viganja vyake si kwa nguvu, dole gumba likishikilia kifundo. Alifanya bila kufikiri, kama mtu anayefanya kazi hiyo nyumbani kila siku kabla ya chai. Mkono ukatulia. Scovia alikuwa hajauona umetulia mchana kwa muda mrefu, na macho yalimjaa maji mbele ya watu, akayaacha.

"Ile pasi ya kipa ilikuwa mbaya," alimwambia.

"Ilikuwa mbaya, mama. Nimekosea."

"Na kugeuka. Jifunze kugeuka."

"Nitajifunza."

Hakuuachilia. Nyuma yao Millicent alikuwa amesogea karibu, mikono bado chini ya leso.

"Na wewe," Matiko akauliza, "ilianza lini?"

Scovia alifungua mdomo kusema ni baridi, kama alivyozoea. Halafu akamwambia.